Mkweche wa maziwa: kisa cha baiskeli ya gia moja iliyotiwa gia nane na breki ya diski

Usuli

Mwenye baiskeli ni mzee wa miaka sitini na kitu. Anaishi katika kijiji kimoja cha safu ya Uporoto, juu ya Uyole, Mbeya. Mimi ni fundi wake wa baiskeli. Jina lake, jina la kijiji na alama za baiskeli yake nimeviacha, kama tulivyokubaliana.

Kila alfajiri mzee hupita kwa majirani kukusanya maziwa, huyafunga kwenye keria na kushuka nayo hadi Uyole. Jua likishapanda hurudi na keni tupu na kiroba cha pumba za ng'ombe. Toka kwake hadi chini kimo kinapungua kama mita 400, na sehemu kubwa ni njia ya udongo ambayo masika huigeuza sabuni. Kushuka alishuka akiwa amekaa. Kupanda alipanda kwa miguu, akiisukuma baiskeli kwa bega, na kwa umri wake safari hiyo ilikuwa inamla saa mbili na zaidi.

Baiskeli yenyewe ni ya Kichina, ya inchi 28, nyeusi, ile yenye breki za fimbo ambayo kila mtu wa Nyanda za Juu aliyezaliwa kabla ya bodaboda anaijua. Baba yake aliinunua kwa fedha za pareto. Fremu ni ya bomba la chuma lililoungwa kwa soketi na shaba, nzito, isiyo na kutu mahali pabaya. Sproketi ya mbele ilikuwa na meno 48, ya nyuma meno 20. Nilipomwambia kwamba kwa fedha atakazotumia angeweza kupata baiskeli ya mtumba ya kutosha, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana wangu, hiyo ya mtumba sitaijua. Hii naijua. Miguu ndiyo imechoka, nitilie gia."

Nilimwelewa. Sikulichukulia jambo hilo kuwa ushamba, na hadi leo naamini alikuwa na haki: fremu ile imebeba mizigo miaka mingi bila kuvunjika, na hilo ni jambo ambalo fremu nyingi za mitumba ninazozipokea haziwezi kulithibitisha.

Hatua ya kwanza: gia

Tatizo la gia linapimika, kwa hiyo nilianza na hesabu. Meno 48 kwa 20 ni mizunguko 2.4 ya gurudumu kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Tairi la inchi 28 likizunguka mara moja linasafiri karibu mita 2.23. Maana yake kila mzee alipozungusha pedali mara moja baiskeli ilimdai mita 5.3. Kwenye lami tambarare ya Uyole ni sawa kabisa. Kwenye mlima wa Uporoto, na pumba nyuma, hakuna goti la kulipa deni hilo.

Nilichagua njia isiyogusa breki, kwa sababu mzee hakulalamikia breki. Habu ya zamani ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ina uzi ambao friwili ya gia tano, rundo la sproketi linalosokotwa juu yake, huingia bila kubadili kitu, kwa hiyo nilibaki na gurudumu lake. Friwili ilikuwa ya meno 14 hadi 28. Mbele niliondoa kranki, yaani mikono ya pedali, iliyokuwa ya kushikizwa kwa kota pini, nikaweka ya mtumba yenye sproketi ya meno 36. Hilo halikuwa pambo: cheni ya gia moja ina upana wa ndani wa milimita 3.2, ya gia nyingi ina 2.4, na sproketi nene ya zamani haiingii kwenye cheni nyembamba hata uipigie nyundo. Kwa bahati uzi wa vikombe vya ekseli ya pedali ulikubali. Baiskeli za aina hii hazifanani zote, ndiyo maana nilijaribisha kikombe kwa mkono kabla ya kulipia kranki.

Gia nyepesi ikatoka na mita 2.87 kwa mzunguko. Karibu nusu ya deni.

Friwili ya gia tano ni nene kuliko ya gia moja, kwa hiyo niliweka ekseli ndefu na kutanua nyuma ya fremu kutoka milimita 116 hadi 126. Chuma cha aina hii hutanuliwa kikiwa baridi, kwa fimbo ya uzi na nati mbili, taratibu, upande kwa upande. Baada ya kutanua nilifunga kamba kutoka mwisho mmoja wa nyuma, nikaizungusha shingo ya mbele, nikairudisha mwisho wa pili, kisha nikapima umbali wa kamba kutoka bomba la kiti kila upande. Vipimo vikitofautiana, fremu imekwenda upande. Vyetu vilitofautiana kwa milimita moja, nikarekebisha.

Fremu haina sikio la kushikia mkono wa gia, ule unaohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, basi nilitumia lile linalobanwa na nati ya ekseli. Sikio la namna hiyo hucheza kidogo, kwa hiyo niliweka kishikio cha gia cha kuvuta tu, kisicho na vituo. Mtu anaisikia cheni na kuisogeza mpaka itulie. Mzee alijifunza kwa asubuhi moja.

Kilichotokea baada ya mwezi

Nusu ya kwanza ya mwezi nilikuwa nikisikia sifa. Mzee sasa alikuwa akipanda akiwa amekaa, akishuka kusukuma kwenye kona mbili tu. Muda wa kurudi ulipungua. Kwa kuwa alirudi mapema na bila kuchoka, alianza kuchukua maziwa ya nyumba nyingine tatu. Mzigo wake wa asubuhi ulipanda kutoka lita 30 hadi lita 50.

Hilo sikuliona likija, na ndilo kiini cha kisa hiki.

Mambo mawili yalifuata. La kwanza, ekseli ya nyuma ilipinda. Friwili ya kusokota husukuma gololi za kulia ndani kabisa ya habu, na kipande kirefu cha ekseli hubaki kikining'inia bila kushikwa. Kadiri gia zinavyoongezeka ndivyo kipande hicho kinavyorefuka. Mzigo wa lita 50 ulikimaliza.

La pili lilitokea asubuhi ya manyunyu. Ringi za baiskeli zile ni za chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake kama ulimi juu ya kioo. Mzee alivuta breki zote mbili, baiskeli ikaendelea kwenda. Aliweka mguu chini, ikaendelea. Aliielekeza kwenye shamba la viazi lililokuwa juu ya tuta, akaanguka humo. Goti lilichubuka na maziwa yote yakamwagika. Angeenda upande wa pili wa njia kuna korongo.

Alikuja karakana siku ya tatu akichechemea. Hakunilaumu. Alisema, "Fundi, umenipa miguu. Sasa nipe mikono."

Usiku ule nilikaa na kalamu. Mzee, baiskeli, maziwa na keni vilikuwa kama kilo 145. Kuvishusha mita 400 kunatoa nishati ya karibu jouli 570,000, inayotosha kupasha lita 1.7 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100. Kiasi fulani huchukuliwa na upepo na ukinzani wa njia. Kinachobaki chote kinapita kwenye vipande vinne vya mpira. Nilikuwa nimempa mtu uwezo wa kupandisha na kushusha mzigo mkubwa zaidi, nikamwachia breki zilezile za baba yake.

Hatua ya pili: breki, jaribio lililoshindwa

Nilinunua baiskeli ya mtumba ya inchi 26 iliyopasuka fremu. Magurudumu yake yalikuwa mazima, yenye diski za milimita 160 na kalipa, yaani vibanio vya diski, za kuvutwa kwa waya. Mawazo yangu yalikuwa kuanza na mbele, kwa sababu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu ya kusimamisha.

Foku ya ile ya mtumba, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, haikuingia. Shingo yake ilikuwa ya inchi moja na robo ya nusu, na bomba la kichwa la fremu ya zamani ni la foku ya inchi moja. Hapo nilikuwa na njia tatu: kukata kichwa cha fremu na kuunga kipana zaidi, kutafuta foku ya inchi moja yenye kikalio cha diski (mahali pa kufungia kalipa), au kuunga kikalio kwenye foku ya zamani. Ya kwanza niliikataa papo hapo na sijutii. Ya pili niliitafuta kwenye masoko ya Mbeya, Mwanjelwa na Soko Matola, siku mbili, nikachoka. Nikachagua ya tatu, kwa haraka, kwa sababu mzee alikuwa hana kipato.

Fundi wa kuchomelea aliunga kikalio cha bati nene kwenye mguu wa kushoto wa foku kwa umeme. Kwa macho kilipendeza. Nilikataa kumpa mzee kabla ya kujaribu, na huo ndio uamuzi pekee wa siku ile ninaoutetea. Nilifunga madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, nikashuka nayo mteremko wa karibu, nikisimama kila baada ya mita hamsini.

Kwenye kusimama kwa tano usukani ulianza kuvuta kushoto. Nilishuka, nikaangalia gurudumu kutoka mbele: lilikuwa limeinamia upande mmoja. Mguu wa foku ulikuwa umejikunja. Nikafanya kipimo cha zamani cha mafundi: nilipaka mafuta ya taa kwenye kiungo, nikafuta kukauka, nikasugua chaki. Baada ya dakika chache mstari mwembamba wa mafuta ulijichora kwenye chaki, pembeni ya chomeleo. Ufa.

Sababu yake ni hii. Breki za fimbo hushika ringi karibu na kichwa cha foku, kule kwenye chuma kinene, na miguu yote miwili husaidiana. Diski inashika karibu na ekseli, kwenye mguu mmoja, mahali ambapo watengenezaji walilipunguza bomba kuwa jembamba makusudi ili foku inyumbuke kwenye mabonde. Tena umeme ulikuwa umeliunguza bomba hilo jembamba na kulifanya gumu na dhaifu pembeni ya mshono. Zaidi ya hayo, kalipa iliyo nyuma ya mguu husukuma ekseli kuelekea chini, kwenye mdomo wa foku uliofunguka chini. Nati ikilegea, gurudumu linatafuta njia ya kutoka. Kwa baiskeli yenye lita 50 na korongo pembeni, siwezi kulikubali hata mara moja.

Foku ile niliikata vipande viwili ili asije mtu akaitoa kwenye vyuma chakavu na kuitumia. Gharama yake niliibeba mimi.

Hatua ya pili: tulivyomaliza

Nyuma ni habari tofauti. Mabomba mawili ya nyuma yanakutana kwa pembe karibu na ekseli, na ndani ya pembe hiyo kuna nafasi ya kuweka kikalio kinachoshika mabomba yote mawili. Niliongeza kipande cha kuimarisha kati yao, kazi ikaungwa kwa gesi na shaba, si kwa umeme, kama fremu yenyewe ilivyoungwa kiwandani. Shaba inayeyuka kwa joto dogo kuliko chuma, kwa hiyo bomba haliungui. Kabla ya kuunga tulifunga gurudumu, diski na kalipa mahali pake na kuvishikiza, kwa sababu kikalio kikikosea kwa milimita mbili hakuna pedi itakayoshika sawasawa.

Habu ya nyuma ya mtumba ni ya milimita 135, ya kaseti ya gia nane, meno 11 hadi 32. Fremu ilitanuliwa tena kwa milimita 9. Kuwa ya kaseti, yaani sproketi zinachomekwa juu ya habu badala ya kusokotwa, ni muhimu: gololi za kulia zinakaa nje, karibu na fremu, na ekseli haining'inii. Kwa tairi la inchi 26 gia nyepesi sasa ni mita 2.3.

Mwanya wa ekseli kwenye fremu hizi ni mrefu, ulitengenezwa ili gurudumu livutwe nyuma kukaza cheni. Ukiwa na diski, ekseli ikisogea diski inahama na kalipa inabaki. Nikaweka kizuizi kidogo cha bolti ndani ya mwanya, ili gurudumu likitolewa kuzibwa pancha lirudi palepale. Waya wa breki niliupitisha ndani ya mfuko wake mzima bila kukatizwa hadi kwenye kalipa, tope lisiingie.

Mbele niliendelea kutafuta. Wiki ya tatu ilipatikana foku ya mtumba ya inchi 26, shingo ya inchi moja yenye uzi wa urefu unaofaa, na vichomozi vya kufungia V-breki, ile ya mikono miwili inayobana ringi kwa waya. Ringi ya mbele ni ya aluminiamu, ambayo hata ikilowa hushikwa vizuri kuliko kromu. Kwa hiyo baiskeli ina diski nyuma na V-breki mbele. Usukani wa zamani uliobeba fimbo za breki uliondoka pia, nikauweka kando, mzee ameutundika ukutani nyumbani.

Mtu atauliza: kama unaunga kitu nyuma, kwa nini usiunge vichomozi vya V-breki huko pia? Nililifikiria. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba keni, spoku zake hulegea, ringi hupinda, na V-breki kwenye ringi iliyopinda hugusa na kuachia. Diski haijali ringi. Na mteremko mrefu hupasha ringi hadi tyubu iliyo ndani kupata joto lile. Kwenye diski joto linabaki mbali na tyubu. Mzigo mwingi uko nyuma, kwa hiyo tairi la nyuma hapa lina mshiko kuliko kwenye baiskeli tupu, na breki nzuri ya nyuma inafanya kazi kweli.

Matokeo

Majaribio ya maji yalifanyika siku mbili, kisha mafuta ya taa na chaki. Chaki ilibaki nyeupe. Mzee alirudi barabarani akiwa na lita 40, si 50. Hilo lilikuwa sharti langu na tulibishana. Mwishowe alikubali.

Gharama zote za hatua mbili zilifika kama shilingi 230,000, bila foku niliyoiharibu. Si rahisi. Alilipa kwa awamu, nyingine kwa viazi.

Kasoro zipo. Magurudumu ya inchi 26 yameishusha baiskeli karibu milimita 26, na pedali hugonga kingo za mifereji iliyochimbwa na magari. Inabidi azishike zikiwa sawa anapopita humo. Mwezi wa pili breki ya nyuma ilianza kupiga kelele, na mjukuu wake, kwa nia njema, akaipaka oili chafu ileile ya cheni. Kelele iliisha na breki ikaisha pamoja nayo. Bahati aligundua uani kwake. Nilisafisha diski kwa spiriti, pedi nikazitupa, maana pedi iliyonywa oili haifufuki. Kosa ni langu: nilimkabidhi mzee baiskeli na kumweleza mzee peke yake, wakati anayeisafisha kila jioni ni mjukuu.

Nikamfundisha kijana pia kusikiliza. Diski ikigusa mara moja kwa kila mzunguko, imepinda. Ikigusa mfululizo bila kuachia, gurudumu halijakaa sawa au kalipa imehama.

Uchambuzi

Gia zilikuwa kazi nyepesi, na zilifanikiwa karibu mara ya kwanza. Ni hapo nilipodanganyika. Niliichukulia gia kuwa jambo la kupanda na breki kuwa jambo la kushuka, kana kwamba ni kazi mbili za wateja wawili. Kumbe kwa mchuuzi wa maziwa ni mzunguko mmoja. Kinachopunguza jasho la kupanda kinaongeza mzigo wa kushuka, kwa sababu mtu mwenye nafasi ya kuongeza kipato ataiongeza, na ana haki ya kufanya hivyo. Nilipaswa kuanza na breki au kuvifanya vyote pamoja.

Njia hii wamewahi kuipita wengine. Katika miaka ya 1970, kwenye Mlima Tamalpais na milima ya jirani, California, vijana waliokota baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940 na kushuka nazo milimani. Waliziita klunker, yaani mikweche. Breki zao zilikuwa za kukanyaga pedali kinyume, ndani ya habu, na mteremko mmoja ulipasha habu hizo hadi grisi ikageuka moshi. Kila baada ya kushuka ilibidi wajaze grisi upya. Mteremko huo ukapata jina Repack kwa sababu hiyo, na mashindano ya kwanza hapo yalikuwa tarehe 21 Oktoba 1976. Akina Gary Fisher, mmoja wa vijana hao, waliongeza gia na breki za dramu, zinazobana ndani ya habu. Fremu za zamani ziliendelea kuvunjika, na mwaka 1977 mwenzao Joe Breeze alianza kutengeneza fremu mpya kabisa kwa ajili ya kazi ile.

Nimeyatafakari sana mambo mawili hapo. Moja, walifika mahali wakakubali kwamba fremu ya zamani ina mwisho. Ya mzee inashika kwa lita 40 na ninaikagua; sitaithibitishia lita 60 kwa bei yoyote. Pili, dramu. Breki ya dramu ina mkono wa chuma unaobanwa kwenye bomba la fremu kwa kikukuu na bolti. Haichomelewi. Nguvu ya kusimamisha inapita kwenye bomba zima badala ya kuelekezwa kwenye kikalio kidogo, na tope haliingii. Ni nzito, na kwenye mteremko mrefu nayo hupata joto, lakini kwa foku ya zamani ni jibu la kiungwana kuliko lile nililolichomelea kwa umeme. Mzee aliomba diski kwa kuwa aliziona kwenye bodaboda, nami nikaenda na neno lake bila kumwonyesha njia nyingine.

Kilichofanya kazi bila ubishi ni maji na chaki. Madumu mawili ya maji yalinionyesha ufa kabla haujamkuta mzee njiani.

Sasa mzee hushuka karakana kila mwanzo wa mwezi baada ya kukabidhi maziwa. Anajilaza pembeni ya gurudumu la nyuma, mjukuu anapaka mafuta ya taa, anafuta, anasugua chaki, na wote watatu tunangoja dakika kumi tukinywa chai. Ukutani kuna fremu nyingine ya inchi 28, ya jirani yake, naye ameomba gia. Nimemwambia alete kwanza keni zake tuzipime.